Glavu Moja Nyeupe, Moja ya Kahawia

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Gundi alikuwa na kazi yake ya mipira mia moja. Alisimama hatua tano kutoka kwenye ukuta wa kibanda cha baba yake, fundi viatu, akaurusha mpira ukutani na kuudaka ukirudi. Pu! Tap. Pu! Tap. Kinyozi wa mlango wa pili alikwisha kuacha kununua betri za saa yake ya kuamkia.

"Wewe mtoto," aliita siku moja, povu la mswaki mdomoni, "huo ukuta umekukosea nini?"

"Nisamehe, mjomba! Imebaki arobaini tu!"

Jina la Gundi alipewa na wenzake wa timu ya kriketi ya wasichana, kwa kuwa mpira ukigusa mikono yake ulinata. Wapo waliosema jina lilitokana na harufu ya kibanda cha baba yake. Yeye hakuwa na ugomvi; alizipokea sababu zote mbili.

Kazi yake uwanjani ilikuwa kulinda wiketi. Wiketi ni nguzo tatu za mti zilizosimamishwa pamoja, na juu yake vimelazwa vijiti viwili vifupi. Mlinda wiketi huchutama nyuma yake amevaa glavu, akidaka kila mpira unaompita mpigaji. Mpigaji akitoka nje ya mstari wake na kuukosa mpira, mlinda wiketi huudaka, akaviangusha vile vijiti kufumba na kufumbua, na mpigaji huyo ametolewa. Ila sharti ni moja: mkono unaoviangusha ndio uwe umeshika mpira. Mkono mtupu hauhesabiki. Na zamu ya timu yake kupiga ikifika, Gundi alivua glavu, akashika gongo na kupiga kama wengine. Mwalimu wao wa michezo alipenda kusema kwamba mlinda wiketi anayejua kupiga ni wachezaji wawili wanaokula sahani moja.

Glavu zake hazikufanana. Ya kulia ilikuwa nyeupe, ya dukani. Ya kushoto ilipochanika kiganjani, baba yake aliishona upya kwa ngozi ya buti kuukuu la kahawia, kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta.

"Baba, watanicheka."

"Wacheke. Ngozi hiyo imetembea mwendo mrefu kuliko wewe." Akaukata uzi kwa meno. "Lakini kumbuka, binti yangu, hizi ni jozi. Mimi siuzi kiatu kimoja. Mpira ukija, mikono iende pamoja, irudi pamoja."

Alhamisi mchana Redio alikuja mbio hadi kibandani. Huyu alikuwa nahodha wao, msichana asiyezimika tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

"Gundi! Mwenzangu, keti chini kabla hujaanguka!"

"Nini tena?"

"Fainali ya Jumamosi, Mama Kipa anakuja! Mwenyewe, kwa miguu yake! Anatafuta mlinda wiketi wa kambi ya vijana ya taifa. Mmoja tu, Gundi! Mwalimu kasema ule vizuri, ulale vizuri, usipande mti wala baiskeli!"

Gundi hakuanguka, lakini alikalia kopo la gundi.

Mama Kipa! Kwa miaka kumi na saba mama huyo alikuwa mlinda wiketi wa timu ya taifa na mpigaji wake wa kutegemewa. Alicheza katika nchi ambazo Gundi alizijua kwa ramani tu. Juu ya kitanda chake Gundi alikuwa amebandika picha yake, iliyokatwa gazetini: Mama Kipa enzi za ujana wake, amejirusha hewani, vijiti vinaruka, kinywa wazi kwa shangwe. Gundi aliijua picha hiyo kila mkunjo.

Jumamosi fundi viatu alifunga kibanda. Kinyozi naye alifunga, akisema nywele za watu haziozi. Mama Kipa aliketi pembeni mwa uwanja chini ya turubai, daftari magotini, penseli mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi, maana saba kati ya kumi viliwahi kuvunjwa na mpira.

Timu ya Gundi ilianza kupiga ikapata mbio themanini na saba; mbio moja ni wapigaji wawili kukimbia na kubadilishana wiketi zao. Thelathini na nne zilikuwa zake. Wapinzani walipoingia, walikuja kwa kishindo, wakiongozwa na msichana mmoja mrefu aliyeitwa Nyundo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wenzake walitolewa mmoja mmoja. Yeye aligoma kutoka. Mwishowe ilibaki mipira mitatu tu ya kurushwa kabla zamu yao haijaisha. Wapinzani walikuwa na themanini na nne, walihitaji mbio nne washinde, na walikuwa wamebakiwa na jozi ya mwisho ya wapigaji. Nyundo akitolewa, mchezo umekwisha na kombe ni la akina Gundi.

"Macho, jamani, macho!" Redio alipaza sauti. "Gundi, nata!"

Mrushaji akakimbia, akaachia. Nyundo akaruka mbele nje ya mstari na kuzungusha gongo kwa nguvu zake zote. Hewa! Mpira ulimpita upande wa miguu. Gundi akaufuata, akaunyaka kwa mkono wa kulia, akageuka kama upepo. Vijiti vikaruka!

"Aaaa!" timu nzima ikamdai mwamuzi amtoe.

Mwamuzi wa pembeni akainua kidole. Nyundo ametolewa!

Uwanja ukalipuka. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemjua. Redio alimrukia Gundi mgongoni, wenzake wakawaangukia wote wawili. Chini ya rundo hilo la vicheko, Gundi alizitazama glavu zake. Mpira ulikuwa ndani ya ile nyeupe. Vijiti vilipigwa na ile ya kahawia.

Mikono ilikuwa imetengana. Mwamuzi aliuona mgongo wake tu. Hakuna mtu mwingine aliyejua, na hakuna ambaye angejua kamwe. Pale chini ya turubai Mama Kipa alikuwa anaandika. Nyundo alikuwa anatembea kuelekea kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, kichwa chini. Akiivuka, basi, hakuna wa kumrudisha.

Hatua kumi. Hatua saba.

"Redio," Gundi alisema, "haikuwa halali. Nilipiga kwa mkono mtupu."

"Wewe umechanganyikiwa? Mwamuzi kasema!"

"Mwamuzi hakuona. Wewe ndiye nahodha. Ondoa dai."

"Gundi, kombe! Kambi yako! Mama Kipa yule pale!"

"Najua alipo." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Redio, tafadhali. Anafika kwenye kamba."

Redio akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza hakikutoka kitu. Kisha akachomoka mbio kumwendea mwamuzi, mikono juu. "Tunaondoa dai! Mwamuzi, tunaondoa! Mrudishe!"

Filimbi ikalia mguu wa Nyundo ukiwa hewani juu ya kamba.

Watu waliguna. Kuna aliyepaza sauti, "Mnagawa kombe kama karanga?" Mwamuzi akavirudisha vijiti mahali pake. Nyundo akarudi taratibu, akamwangalia Gundi kama mtu aliyerudishiwa mkoba uliopotea.

"Asante," akanong'ona. "Lakini nitakupiga tu."

"Jaribu," Gundi akajibu, akachutama.

Na kweli akampiga! Mpira uliofuata aliusukuma kando, wakakimbia mara mbili. Themanini na sita. Ukabaki mpira mmoja. Mbio mbili ni ushindi wao, moja ni sare.

Hata mbwa wa mlinzi wa uwanja alinyamaza. Mrushaji akaachia. Nyundo akaupiga chini kuelekea mbali, wakatimka. Mbio ya kwanza imetimia, sare! Wakageuka kutafuta ya pili. Redio, kule mbali, aliuokota mpira akautupa kwa hasira zake zote. Ulikuja vibaya, ukadunda kando ya Gundi. Akajirusha. Jozi! Kahawia na nyeupe ziliufumbata mpira pamoja, zikazoa nguzo zote tatu pamoja naye, kabla gongo la Nyundo halijagusa mstari.

Safari hii waamuzi wote wawili waliona. Themanini na saba kwa themanini na saba. Sare!

Kelele zilikuwa kubwa kuliko za kwanza. Nyundo na Gundi walilala chali kwenye vumbi, wakicheka kama vichaa, na ikaamuliwa kombe likae miezi sita kwa kila shule.

Watu walipopungua, Mama Kipa alikuja walipokuwa wamesimama Gundi na baba yake.

"Shikamoo, mama," Gundi alisema kwa sauti ndogo. "Uliona?"

"Marahaba. Hapana, sikuona. Mgongo wako ulinifunika mimi pia. Jina lako nilikwisha kuliandika, ningelibeba nikaenda zangu."

Gundi akazivua glavu zake. "Mama, picha yako ipo juu ya kitanda changu. Ile ambayo vijiti vinaruka."

Tabasamu la Mama Kipa likapungua. "Umewahi kuutafuta mpira katika picha hiyo?"

Gundi akafikiri. Mkunjo kwa mkunjo, aliijua yote. Mpira hakuukumbuka.

"Mkono wangu wa kushoto uko nyuma ya mgongo," Mama Kipa alisema. "Mpira ulikuwa huko. Nilijua, nikashangilia. Tukashinda, wakanibeba mabegani. Nimedaka mamia ya mipira ya halali, mwanangu, lakini watu wanakuja kunipongeza kwa ule. Miaka ishirini na sita sasa, na kila anayenipa mkono ananichoma."

Fundi viatu akatikisa kichwa. "Ni kama msumari ndani ya kiatu. Wa nje wanaona kinang'aa. Anayejua maumivu ni mvaaji. Ndiyo maana, binti yangu, msumari hung'olewa siku ile ile unapouhisi, hata kama watu wanakungoja."

"Fundi, laiti ungenishonea mimi viatu zamani," Mama Kipa alisema. Akafungua daftari, akaweka penseli mfukoni, akatoa kalamu ya wino. Akalipitia jina la Gundi herufi moja moja, mpaka likawa haliwezi tena kufutika. "Kambi inaanza mwezi ujao. Mikono yako bado inaachana ukigeuka. Jirani yenu amenilalamikia mipira mia moja kila asubuhi. Haitoshi. Nataka mia mbili."

Nyuma yao, kinyozi alishika kichwa kwa mikono yote miwili.