Lalamiko la Mama Trizah

Kila siku baada ya masomo, Trizah alipitia mgodini Macalder kumsaidia mama yake kuponda mawe. Alivua viatu vya shule visije vikaharibika, akajifunga leso juu ya sare, akashika nyundo ndogo. Ile kubwa ilikuwa ya mama yake, Rispa. Wanaume waliteremka shimoni na kupandisha mawe kwa kamba. Wanawake waliketi karibu na mdomo wa shimo wakiyaponda hadi yawe unga, kisha wakauosha unga huo wakitafuta chembe za dhahabu. Kazi hiyo haijamtajirisha mtu, isipokuwa mwenye shimo.

Mwenye shimo aliitwa Bwana Clifford. Alikaa Migori mjini, ambako alikuwa na duka kubwa la simu na kompyuta, na mgodini alionekana siku ya kuchukua fungu lake tu. Hakuwahi kushuka chini hata siku moja. Walioshuka walijua, na wanawake waliokaa mdomoni waliona, kwamba magogo ya kuzuia kuta yalikuwa yameoza, na tangu mvua ianze maji yalikuwa yakichuruzika ukutani. Aliyethubutu kuomba magogo mapya aliambiwa atafute kazi kwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Bwana Clifford hakuwa na habari na ufa wala ukuta.

Ndipo Chama cha Kibuyu, chama kipya cha siasa, kikafanya mkutano sokoni. Katibu wake wa tawi, Bwana James, alitangaza kwamba chama kimefungua tovuti.

"Mwenye lalamiko aandike pale," alisema. "Weka jina na namba ya simu. Ni siri. Hakuna atakayeona ila viongozi wa chama."

Watu walipiga makofi. Trizah, aliyekuwa Gredi ya Nane na aliyejua mambo ya simu kuliko wote nyumbani kwao, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Jioni hiyo alimketisha mama yake mbele ya simu. Jirani yao Joyline alikuwa hapo, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Rispa alimwita Mama Gisiri, kwa jina la mwanawe mdogo. Joyline alikuwa ameolewa na Mkuria aitwaye Maroa, na Maroa alikuwa mmoja wa wale wanaoshuka shimoni, kwa hiyo Joyline alisikiliza kwa makini.

"Nyathina, mwanangu, na Clifford akijua?" Rispa alimuuliza binti yake. "Nikifukuzwa pale tutakula nini?"

"Mama, hii ni tovuti ya chama. Ona, hata kibuyu chao kiko hapa juu. Nikituma, inaenda kwao moja kwa moja."

"Kwao ni wapi?"

"Kwao tu," Trizah akajibu upesi, kwa sauti ya mtu asiyejua na asiyetaka kuonekana hajui.

Akaandika: Magogo ya shimo la Clifford yameoza na maji yanavuja. Tunaomba serikali ije kabla watu hawajafa. Akaweka jina la mama yake, akatuma.

Haikupita wiki, Bwana Clifford akaja mgodini siku isiyo yake. Alisimama mbele ya Rispa, mikono mfukoni, akasema polepole, "Magogo ya shimo la Clifford yameoza na maji yanavuja." Alilisema lalamiko lote, neno kwa neno, hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama, chukua nyundo yako uende. Na nikusikie kwa shimo lingine hapa Macalder, uone."

Wanawake wengine waliendelea kuponda mawe bila kuinua macho. Rispa akajifunga leso, akaondoka.

Nyumbani Trizah akasema jambo ambalo angekuja kulijutia.

"Tulikuwa watatu tu hapa. Mimi sikusema. Wewe hukusema."

Hakulimalizia, na hakukuwa na haja. Kesho yake Joyline alipobisha hodi na sahani ya omena, Rispa alifunga mlango. Majirani walipopata habari hawakuchelewa. "Kikulacho ki nguoni mwako," walisema kisimani, na wengine wakaongeza maneno mabaya juu ya mke wa Mkuria, kana kwamba umbea una kabila. Joyline akaanza kuchota maji jua likiwa kali, wakati ambapo hapakuwa na mtu.

Hakuna shimo lililomchukua Rispa. Mwishowe alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Remba kuanika omena za watu, akamwacha Trizah na bibi yake. Usiku Trizah alikikosa kikohozi cha mama yake upande wa pili wa pazia. Alimlaumu Joyline kwa hilo pia.

Jumatatu moja Mwalimu Frankline, aliyewafundisha kompyuta, aliwauliza wanafunzi tovuti inakaa wapi. Mmoja alisema hewani, mwingine akasema ndani ya simu.

"Hakuna kitu kinachokaa hewani," alisema mwalimu. "Kila tovuti iko ndani ya kompyuta fulani, na kompyuta hiyo ina mwenyewe. Mnamjua jadak?"

"Mtu aliyejenga kwenye ardhi ya wengine," darasa likajibu.

"Basi tovuti nyingi ni jadak. Nyumba ni yako, lakini ardhi ni ya mwingine. Kama mwenyeji ni mwaminifu na mmeandikiana mkataba, utalala usingizi. Kama humjui, ujue ana ufunguo."

Trizah aliinua mkono. "Mwalimu, anaweza kusoma vitu ambavyo watu wametuma?"

"Ikiwa havikufungwa vizuri, anasoma kama unavyosoma ubaoni."

Baada ya kipindi Trizah alimweleza yote. Mwalimu alimpigia simu Bwana James palepale, akamuuliza tovuti ya chama inahifadhiwa wapi. James alijibu bila wasiwasi, na Trizah alimsikia.

"Iko kwa kompyuta ya Bwana Clifford, kwa duka lake Migori. Alitupatia nafasi bure, mwalimu. Chama bado ni changa, huwezi kataa msaada."

"Na malalamiko ya watu, James?"

"Hiyo hatukufikiria," alisema James.

"Rahisi ghali," Mwalimu Frankline alisema, akakata simu. Mchana huohuo alikwenda Migori kwa afisa wa migodi. Afisa aliahidi kufika Alhamisi.

Trizah alijua anapaswa kwenda kwa Joyline. Alifika hadi langoni jioni hiyo, akamwona Joyline akifua, aibu ikamshika, akajiambia kesho. Jumanne mvua ilinyesha kutwa, akajiambia kesho tena. Jumatano mchana shimo liliporomoka. Wanaume wawili walivutwa kwa kamba wakiwa hai, matope mdomoni. Maroa alitolewa jioni, naye alikuwa amekufa.

Afisa alifika Alhamisi kama alivyoahidi. Shimo likafungwa, mashimo mengine yakawekwa magogo mapya mbele ya macho yake, na Bwana Clifford akapelekwa mahakamani. Siku ya mazishi Bwana James alisimama mbele ya waombolezaji. Alikiri kwamba chama kilimkabidhi mshtakiwa malalamiko yanayomhusu, naye akayaficha yasiwafikie viongozi, na kwamba sasa tovuti imehamishiwa kwa kampuni yenye mkataba, na ufunguo unashikwa na chama chenyewe. Alisema pia kwamba Mama Gisiri hakumsaliti mtu. Watu walimsikiliza wakitazama chini.

Rispa alikuwa amerudi kutoka Remba. Jioni, watu walipopungua, alimshika Trizah mkono wakaingia kwa Joyline. Mtoto Gisiri alikuwa akimuuliza kila anayeingia kama baba ametoka shimoni.

"Mama Gisiri, tumekukosea," Rispa alisema.

"Ni mimi niliyesema ni wewe," Trizah alisema akilia. "Tangu Jumatatu nilijua si wewe. Niliogopa kuja."

Joyline alimgeukia Rispa. Alikuwa amekauka machozi.

"Mama Trizah," alisema, "ile tovuti mliambiwa na mtu wa mkutano, mkaiamini bila kujua inakaa kwa nani. Mimi nimekaa mlangoni kwenu miaka yote hii, na mlinihukumu bila kuniuliza. Ungekuja ukasema, 'Mama Gisiri, ni wewe?' Ningekuambia si mimi. Tungekaa chini tutafute ni nani, na Maroa angesikia kwamba Clifford ameficha lalamiko na hakuna afisa anayekuja, asingeshuka."

Joyline alisogea kwenye mkeka, akawaachia nafasi ya kukaa.

"Sitaki mtoto abebe kifo cha mume wangu," alisema. "Aliyemuua ni yule aliyekataa kununua magogo. Lakini sikia, Trizah, kwa sababu wewe ndiye unayesoma. Kabla ya kumpa mtu siri, uliza ataiweka wapi. Kabla ya kumlaumu mtu, muulize. Na siku ukijua ukweli, usilale nao."