Mwimo wa Chumba cha Twiga

Marehemu alikuwa amelala chali karibu na ngazi iliyoanguka, mikononi kavaa glavu za mpira, na rangi ya krimu imemwagika mpaka mvunguni mwa kitanda cha mtoto.

Mtaani walimwita Mwenyewe. Bomba likivuja, "nitaziba mwenyewe." Kiti kikivunjika, "nitagonga mwenyewe." Safari hii alikuwa anapaka rangi vyumba vya nyumba yake, na kama kawaida ya mtaa, hukumu ilitoka kabla ya kesi: ubahili umemponza.

"Ajali, Afande," alisema Sajini. "Ngazi imeteleza juu ya magazeti."

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu. Alipiga magoti hivyo hivyo, akaikagua ngazi. Ilikuwa ya miguu minne, yenye mipira chini, na magazeti yaliyotandikwa hayakuwa na mkwaruzo wowote.

"Haikuteleza. Imepinduliwa."

Kisha akauona mwimo wa mlango. Juu ya rangi mpya palikuwa na alama ya kiganja kizima, na michirizi ya ngozi ilionekana wazi. Haikuwa ya mtu aliyevaa glavu.

"Piga picha, uchukue na alama za vidole."

Mke wa marehemu alikuwa jikoni, mikono kaificha chini ya meza.

"Pole sana, mama. Ulirudi saa ngapi?"

"Mchana, Afande. Nikamkuta hivyo. Nikapiga yowe, majirani wakaja."

"Uligusa kitu chumbani?"

"Sikugusa."

"Hata mlango?"

"Ulikuwa wazi."

Majirani walikuwa na neno moja tu la ziada: jana marehemu aligombana na mdogo wake, ambaye ni fundi rangi. Sajini alimleta kutoka kazini, ovaroli yake ina madoa ya kila rangi, macho yamevimba kwa kulia.

"Mligombana?"

"Ndugu wakigombana, Afande, shika jembe ukalime. Kazi yangu ni rangi, halafu kaka yangu anapaka mwenyewe! Watu walikuwa wananicheka. Lakini leo asubuhi alinipigia simu. Nilikuwa kwenye jengo na wenzangu, waulizeni."

"Alitaka nini?"

"Aliuliza habari za utepe wa karatasi, ule tunaobandika kukinga mahali pasipotakiwa rangi. Ukishapaka rangi juu yake, uubandue lini? Nikamwambia abandue rangi ikiwa bado mbichi. Ikikauka kabisa, inachanika pamoja nao. Akanifanya nirudie mara tatu, kama mtu anayesomea mtihani. Nikamwambia, kaka, si unakinga swichi tu?"

Inspekta aliikumbuka sakafu ya chumba kile. Utepe wa swichi na wa dirisha alikuwa ameuona sakafuni, umeviringwa, na rangi ilikuwa imegusa ukingo wake tu. Huo ulikwisha banduliwa. Basi marehemu alikuwa anauliza kuhusu utepe mwingine.

Alirudi jikoni, akavuta kiti.

"Rangi ya maji hukauka upesi, mama. Majirani walipoingia kwa yowe lako, waliushika ule mwimo wakatoka na mikono safi. Lakini kuna kiganja kilichowekwa pale rangi ikiwa mbichi. Weka mikono mezani."

Mke aliiweka. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa myekundu, ila chini ya kucha ilibaki krimu.

"Alinifutia mwanangu," alisema.

"Eleza."

"Kila shule ikifungwa tulimsimamisha kwenye mwimo ule, baba yake anachora mstari kwa penseli. Alikuwa anarefuka, baba yake akamwita Twiga. Mwaka jana homa ikamchukua. Nilimwambia mume wangu, paka nyumba nzima, paka mpaka paa ukitaka, mwimo ule usiuguse. Akaniahidi. Leo nimerudi, nakuta krimu tupu. Nikapapasa, hamna kitu. Yeye yuko juu ya ngazi anapiga mluzi! Nikapiga kelele. Akacheka, akasema, 'Subiri kidogo, mama Twiga, utaona.' Nione nini tena? Nikaisukuma ngazi."

Sajini aliacha kuandika.

"Kichwa kiligonga chuma cha kitanda," aliendelea. "Nikamwita, haitiki. Nikanawa, nikakaa hapa mpaka nikapata nguvu ya kupiga yowe."

Inspekta angeweza kuishia hapo. Ungamo lilikuwa limepatikana, na huruma ilimwambia amwache mama huyu na hasira yake, maana ndiyo pekee iliyokuwa imemshikilia. Lakini mahakamani yangetajwa yote, na wakili angeyasema kwa sauti kubwa. Afadhali ayaone hapa, nyumbani kwake.

Maiti ilipokwisha ondolewa, alimpeleka chumbani. Akatafuta kwa ukucha ukingo wa utepe juu ya mwimo, akaupata, akavuta taratibu. Rangi ilikuwa imekauka, ikachanika kandokando, lakini utepe ulitoka mzima, mrefu, mpaka karibu na sakafu.

Mistari ya penseli ilikuwepo yote. Kando ya ule wa juu palikuwa na neno moja kwa mwandiko wa baba: Twiga.

Mke aliitazama kutoka chini kwenda juu. Hakulia.

"Aliniambia nisubiri," alisema. "Kidogo tu."