Mlango Uliofungwa Wakati wa Kula

Katika kambi ya mkonge kule Maramba, mtu akila huku kafunga mlango huitwa mchoyo. Wanaume hula barazani, na apitaye hukaribishwa. Yudith alilijua hilo, lakini mwaka ule wa hamsini na nane, kila chakula kilipoiva alifunga mlango. Majirani wakaanza kusema.

Hawakujua la ndani. Korona, ile mashine ya kuparua mkonge, ilimkata mumewe Zebedayo mkono wa kulia na vidole vyote vya kushoto. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza kushika kijiko wala kufunga kifungo. Yudith alimlisha, akamwogesha, akamvika. Biashara yake ya vitumbua ikafa, na shamba likamea magugu. Hakunung'unika. Kwao Ushambaa alifundishwa kwamba aibu ya mume husitiriwa.

Basi afisa kazi alipokuja kwa habari za fidia, akauliza ni nani anayemsaidia Zebedayo, Yudith alijibu kwamba hakuna, anajiweza. Afisa akaandika, akaenda zake.

Jioni moja Uweso, jirani yao, mtu wa chama cha wafanyakazi, alibisha hodi. Alikuja na utani wake, kuwauliza ni pilau gani hiyo inayoliwa kwa kificho. Yudith alikuwa amesahau komeo, mlango ukafunguka. Uweso akaona tonge la ugali mkononi mwa Yudith, na kinywa cha Zebedayo ki wazi. Utani ukamkauka. Akaketi chini.

"Shemeji, afisa ulimwambia haya?"

"Nitamwambiaje mgeni kwamba mume wangu analishwa?"

Uweso akaeleza taratibu. Aliyeumia kazini ana haki ya fidia. Akiwa hawezi kuishi bila msaada wa mtu daima, sheria humwongezea fungu kwa ajili ya msaada huo. Lakini anayenyamaza hulikosa.

"Mficha uchi hazai, shemeji," akasema.

Yudith akaduwaa. Kumbe hata huko mbali ilikoandikwa sheria, kuna aliyemfikiria mwanamke anayeinua kijiko? Mwili ukamsisimka kama kanisani kengele inapolia.

Wakaenda Tanga, ofisini kwa afisa kazi. Uweso akaomba maelezo yaandikwe upya. Yudith akafungua kinywa, maneno yakakwama. Zebedayo akaliona hilo. Akaomba maji. Watu wote mle chumbani wakamtazama Yudith akimwinulia mumewe kikombe, kisha akimfuta kidevu kwa upindo wa kanga.

"Bwana," Zebedayo akasema, "mikono ninayo. Ni huyu." Akamwelekezea mkewe kidevu.

Afisa akaweka kalamu chini, akavuta karatasi mpya. Kisha akaandika upya.

Fidia ilipotoka, fungu la msaada lilikuwamo. Wakapata kibarua wa kulima shamba, na Yudith akarudia vitumbua vyake. Siku ile ile ya fidia, chakula kilipoiva, alitandika mkeka nje, barazani. Akakata tonge, akamlisha mumewe mbele za watu.

"Karibuni," Yudith akasema.

Wanaume wakasogea, wakanawa.