Kaburi Lisilo na Jina

Siku Melchior alipomwagia Kavuo maji ya klore, soko la Butembo lilikuwa limejaa. Ulikuwa wakati wa Ebola, na kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawia mikono. Melchior aligeuka vibaya akinawa, na liputa jipya la Kavuo, kitenge cha bluu, likabaki na madoa meupe.

— Papa, unaniharibia. Nitauzisha nguo na liputa ya hivi?

— Sema bei, mama. Nitalipa, na sucré ya baridi ya kunywa juu.

— Kwanza sucré.

Sucré ikaleta simu, simu zikaleta matembezi ya Jumapili baada ya misa. Melchior alisema yeye ni fundi wa kujenga. Kavuo alimpenda kwa vile alivyocheka taratibu, bila haraka.

Ndipo siku moja Melchior akaja kwenye meza ya Kavuo sokoni, amevaa shati lililopauka mikononi. Kavuo alilishika.

— Hii hapana jua. Ni klore. Unatumikaka wapi, chéri?

— Mu équipe ya kuzika batu ba Ebola. Niliogopa utanikimbia.

Kavuo akaliachia shati.

— Benzako ba Beni balizika mama yangu. Balizika sanduku ya mawe, mama hakukuwa ndani. Ebola ni biashara, kila mutu anajua.

Simu zake hakuzipokea tena. Mwishowe Melchior akaja mwenyewe, akaketi kwenye marobota ya nguo.

— Sikukuya kubishana. Kama ni mawe, unakasirikia nani?

— Nyinyi.

— Na kama ni mama?

Kavuo alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

— Aliniita kwa simu, iko na homa. Nikasema soko iko muzuri, nitakuya nikimaliza kuuzisha. Nilikuta banafukia. Kama iko mule, Melchior, basi alikufa ananingojea.

— Ungefika, ungemunawisha. Binti njo ananawishaka mama yake. Ebola ingekushika, leo ungelala pembeni yake mu kaburi.

Kavuo alilia kidogo, akajipangusa kwa bidhaa yake mwenyewe.

— Musalaba yake haina jina. Nilikatalia baandike.

— Twende tuandike. Na mimi niko na neno la kumuomba.

— Mbuzi za mahari ni za bajomba, usijichanganye.

— Mbuzi zitafuata. Kwanza mama.

Walikwenda Beni kwa pikipiki, Kavuo amevaa liputa lile la madoa. Melchior alishikilia msalaba wenye jina, Kavuo akaupigilia kwa jiwe. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechelewa njiani:

— Mama, nimefika.