Matarumbeta Sita

Siku ya wanafunzi kujiandikisha kwenye vilabu, ukumbi wa shule haukuwa na pa kuweka mguu. Klabu ya midahalo ilikuwa ikigombana na klabu ya mazingira kuhusu nani kachukua kiti cha nani. Watu wa maigizo walijipanga mlangoni wakilia machozi ya uongo ili wapate wanachama. Katikati ya fujo hiyo, mwalimu wa hesabu, ambaye pia alikuwa mlezi wa kwaya, alifika kwenye meza yake akamkuta mwanaume asiyemjua kaikalia, tarumbeta limelala mbele yake juu ya kitambaa chekundu.

"Samahani kaka, hii ni meza ya kwaya."

"Karatasi hii ya mezani inasema bendi."

"Hebu igeuze."

Mwanaume akaigeuza. Upande wa pili, kwa wino uleule, palikuwa pameandikwa KWAYA. Akacheka kwa sauti hadi klabu ya sayansi nzima ikageuka kutazama.

"Basi tukae wote, dada. Mimi nipulize, wewe uimbe. Atakayepata watu wachache ahame."

"Mimi sihami. Na usiniite dada, niite mwalimu."

"Haya, mwalimu. Mimi ni fundi tu. Natengeneza redio na spika pale karibu na soko. Mkuu wa shule kaniita nifundishe bendi, Jumatano na Jumamosi."

Mwalimu akavuta kiti. Alikuwa kavaa gauni la bluu la mikono mirefu, vifungo vyeupe vimefungwa mpaka kooni, nywele kazibana nyuma kama mtu anayeogopa upepo. Wanafunzi walimwita Kipeo, kwa sababu ya vipeo alivyowachosha navyo ubaoni, naye alijua na hakuwakataza. Fundi alivaa shati la kijani lililofuliwa mpaka likapauka, lakini limenyooshwa vizuri, mikunjo ya mikono unaweza kujikata nayo. Kufikia mchana Kipeo alikuwa kapata wanakwaya ishirini na watatu, Fundi kapata kumi na mmoja.

"Nimeshindwa," alisema Fundi. "Nihamie wapi?"

"Kaa," alisema Kipeo, kisha akashangaa kwamba amelisema.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne katika mji ule ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Zamani, kila siku saa kumi na mbili jioni, alimpigia mama yake wakaongea mpaka sufuria ichemke. Mama alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo, ikifika saa kumi na mbili, Kipeo alikuwa anawasha redio asikie tu mtu akiongea, hata kama ni habari za mvua za nchi nyingine.

Shule ilikuwa na chumba kimoja cha muziki. Kwaya ilitoka saa kumi, bendi ikaingia. Kwa hiyo walikutana mlangoni mara mbili kwa wiki, yeye akikusanya daftari za nyimbo, Fundi akipanga viti. Wiki ya tatu Fundi alimwona amekaa na redio ndogo mapajani, imekufa.

"Nipe niione."

"Utanitoza kiasi gani?"

"Namba yako ya simu."

Alimpa. Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika tano, simu ikalia. Kipeo aliitazama kwanza, kwa maana saa ile ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwalimu, redio yako imepona. Ila ina huzuni."

"Redio gani ina huzuni wewe!"

"Inasema nyumbani kwako hapana mtu wa kuibadilishia stesheni."

Alicheka peke yake chumbani, akajiziba mdomo kama anayemwogopa jirani. Fundi alipiga tena kesho, na keshokutwa. Aliishi peke yake pia, nyuma ya karakana yake. Mkewe alimwacha miaka sita iliyopita, akamwambia nyumba yao ina kelele za vyuma bila maneno.

"Lakini sasa unaongea sana," alisema Kipeo.

"Nimeyaweka akiba, Kipeo wangu. Sasa nayatumia."

Hilo "wangu" Kipeo alilala nalo siku nyingi.

Mtihani wa katikati ya muhula ulipopita, mkuu wa shule alimwita ofisini. Kulikuwa na agizo jipya: mwanafunzi aliyepata chini ya arobaini katika hesabu asishiriki klabu yoyote mpaka mtihani ujao. Alitaka orodha kabla ya saa sita.

"Mkuu, nipe hata wiki mbili niwafundishe wale dhaifu."

"Agizo si langu, mwalimu. Lete orodha."

Aliandika majina kwa mkono wake. Kwenye kwaya walitoka wawili. Kwenye bendi walitoka sita, wote wapiga tarumbeta. Alipofika jina la sita aliweka kalamu chini, akafikiria kumpigia Fundi. Akaogopa. Akajiambia atamweleza jioni, kwa utulivu. Jioni Fundi alikuwa ameshajua, kutoka kwa karani wa shule, pamoja na neno jingine: bendi ya watu watano haina maana, kwa hiyo hahitajiki tena, na chumba cha muziki sasa ni cha kwaya peke yake.

Alimkuta Kipeo darasani akifuta ubao.

"Orodha nimeiona, mwandiko nimeujua," alisema Fundi. "Chumba ulikitaka, umekipata."

"Fundi, nisikilize..."

"Tuliongea jana dakika arobaini. Hukuwa na nafasi ya neno moja?"

"Jana nilikuwa sijaambiwa. Nimeambiwa leo asubuhi."

"Na tangu asubuhi?"

Ilikuwa kweli, Kipeo alijua. Fundi aliondoka. Wiki ile alifunga karakana, akaenda kwa dada yake katika mji ulio mwendo wa saa tatu kwa basi, ambako shule moja kubwa ilikuwa ikitafuta mwalimu wa bendi. Kipeo alipiga simu mara tatu, haikupokelewa. Mara ya nne hakupiga. Redio ilikuwa inafanya kazi vizuri sana sasa, akawa haiwashi.

Alichofanya hakumwambia mtu. Kila siku baada ya vipindi aliwaita wale sita katika chumba cha muziki, akawafundisha hesabu. Walikuja wamenuna. Kiongozi wao, binti mrefu mwenye sauti nzito, ndiye aliyemwambia usoni:

"Mwalimu, wewe ndiye umetutoa, halafu unatuita tena?"

"Ndiyo. Kaa chini. Sehemu hizi za hesabu, nusu na robo, na mapigo ya muziki ni kitu kimoja. Nionyeshe robo."

Binti akapiga meza mara nne, pigo moja kwa kila robo. Kipeo akaandika ubaoni. Siku ile angalau wawili walielewa. Ilichukua wiki tisa. Mtihani ulipofika, wote sita walivuka, mmoja akiwa na arobaini kamili, akakumbatiwa na wenzake kana kwamba amepata mia.

Bendi ikaruhusiwa, lakini mwalimu wake hakuwepo, na mashindano ya muziki ya shule za sekondari yalikuwa mwezi ujao.

"Tuongoze wewe," alisema binti.

"Sijui hata tarumbeta linashikwaje."

"Wewe tuhesabie tu. Mengine aliyotufundisha Fundi tunayakumbuka."

Akawahesabia. Moja, mbili, tatu, nne, kila Jumatano na Jumamosi, na akirudi nyumbani koo linamuuma.

Ukumbi wa mashindano ulijaa wanafunzi wa shule kumi na nne. Kipeo alipanda jukwaani kwa gauni la rangi ya zambarau, kifungo cha juu kimefunguka naye hajui, akainua mkono kama anayetaka kuuliza swali. Hesabu yake ilisikika mpaka safu ya tatu, watu wakacheka. Kisha matarumbeta sita yakaingia kwa pamoja, wale watano wakafuata, kicheko kikafa.

Fundi alikuwa kwenye korido na bendi ya shule yake mpya, wakisubiri zamu. Aliusikia ule wimbo kupitia ukuta akajua ni vidole vya nani. Walipotoka jukwaani aliwasimamisha njiani.

"Nani amewafundisha?"

"Wewe," alijibu binti mrefu. "Na mwalimu katufundisha hesabu. Wiki tisa, kila siku, mpaka jioni lango la shule linafungwa. Hakukuambia?"

Fundi akatoka kumtafuta. Alimkuta Kipeo kwenye ngazi za nje, kakaa peke yake, viatu kavivua.

"Sikukupigia," alisema akiwa bado amesimama. "Simu yako nilikuwa naiona inalia naiangalia. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha ikabaki aibu."

"Nami nilipaswa kukuambia asubuhi ile. Niliogopa kukupoteza, nikakupoteza kwa uoga."

Ndani, shule nyingine ilikuwa inaimba. Wakasikiliza mpaka mwisho.

"Niolewe na wewe," alisema Fundi, kisha akajipiga paji la uso. "Ona! Nataka kusema, nikuoe. Nimefanya mazoezi ya neno hili siku nyingi, na bado nimekosea."

Kipeo hakucheka. "Nikikubali leo, sitakuwa nimejibu mimi. Upweke wangu ndio utakaokuwa umejibu. Unajua jinsi upweke huo unavyoharakisha kujibu?"

"Na wewe unafikiri anayeuliza ni nani?" Fundi alikaa ngazi ya chini yake. "Basi upweke wangu umekuja kuposa upweke wako. Wajuane kwanza wao."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, machozi yakiwa karibu mno. Mlangoni mtu alitangaza bendi ya shule ya Fundi. Alitakiwa ndani.

"Nina watahiniwa mpaka mwisho wa mwaka," alisema Kipeo haraka. "Siwezi kuhama. Nawe una kazi huko. Itakuwa saa tatu za basi kwenda, saa tatu kurudi, na siku nyingi bado nitakula peke yangu."

"Najua."

"Njoo Jumamosi. Uje mchana, watu wakuone. Uje na dada yako."

"Dada yangu anaongea sana, Kipeo. Hanyamazi."

"Ndiyo maana nataka aje," alisema, akivaa viatu.