Glasi ya Tatu ya Tekila

Jua lilikuwa linazama mwonjaji alipoingia ghalani kuonja tekila tatu, pombe kali ya mmea wa Meksiko, na kusema ipi inafaa kununuliwa. Mtaani walimtania wakimwita Mlevi wa Mshahara, ingawa hakuwahi kumeza hata tone. Shangazi yake, aliyemlea na kumrithisha kazi, alimfunza hivyo: nusa, zungusha mdomoni, tema, ndipo useme. Mwaka uliopita shangazi aliingia ghala hilihili. Mwenye ghala aliapa kwamba alitoka. Nyumbani hakufika.

Ndiyo maana mwonjaji aliikubali kazi hii. Alitaka kujua.

Mwenye ghala alifunga mlango. "Upepo unaharibu harufu," alinong'ona.

Glasi ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maji. Pilipili manga, ganda la limau, utamu wa mmea uliookwa. "Bado changa, kali, lakini safi." Akatema kwenye ndoo.

Ya pili ilikuwa imelala kwenye pipa. Vanila, sukari iliyoungua. "Wameiremba mno kama bibi harusi. Ladha yenyewe siioni." Akatema.

Ya tatu ilikuwa na joto... joto la mkono wa mtu.

Alinusa. Sabuni ya kufulia. Mafuta ya nywele ya karafuu. Akaiweka ulimini, na shangazi akamjaa mdomoni, mzima mzima, hadi kile kikohozi chake kikavu.

"Tema, mwanangu..."

Sauti aliisikia kwenye meno. Akainamia ndoo, akaona mate yake yakielea humo, machozi yakamlengalenga. Mtu aliyembeba mgongoni, leo amteme kwenye ndoo?

Akameza.

Kitu kililia kifuani mwake, kisha kikanyamaza.

"Sasa amepumzika," mwenye ghala alisema akiifuta glasi. "Mliolelewa vizuri hamtemi. Na pipa langu halikai tupu."

Alikimbilia mlango. Miguu ikayeyuka, ikawa maji. Alipapasa kutafuta kitasa, akagusa mbao. Huku mbao. Kule mbao. Juu pia.

Humo pipani hamkuwa na usiku wala mchana. Alipiga mayowe hadi akasahau kwamba hana koo. Halafu jioni moja akamiminwa. Aliona mwanga, akaona glasi, akasikia sauti ya mdogo wake.

"Dada yangu alikuja kuonja hapa. Yuko wapi?"

"Alitoka zamani, mama. Pole. Hebu onja hii aliyoisifia."

"Mimi sinywi."

"Hunywi. Unaonja tu."

Ulimi wenye joto ukamfunika. Akalia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: tema! Niteme, mdogo wangu, niteme!

Mdogo wake akaganda. Alikuwa amemsikia. Polepole akainua kiganja, akauziba mdomo wake mwenyewe, kama anayeogopa kumdondosha mtu. Chozi likateleza hadi pembeni mwa midomo, likapenya ndani.

Lilikuwa la chumvi.

Kisha koo likaanza kufunguka.