Miiba ya Ngitili

Kila asubuhi ya likizo Paskalia huchota maji, hufagia uwanja, kisha hununa kidogo. Siku hiyo hakununa, kwani alitumwa kwa bibi yake Salvina, nyuma ya vilima, mwendo wa nusu siku kutoka kwao karibu na Segese.

"Tangulia na hii michembe, viazi vyake vya kukaushwa," alisema mama yake. "Nampeleka mdogo wako Edson kliniki, halafu nitakufuata. Ukifika kwenye ngitili ukakuta miiba imelazwa njiani, zunguka kwa barabara. Ikiwa imeondolewa, katiza."

"Ndiyo, mama."

Hakuna Msukuma asiyejua jambo hilo. Ngitili ni malisho yanayofungwa mpaka kiangazi, na miiba ndiyo kufuli lake. Paskalia alipita msituni, akapita kijiji kimoja akiwaamkia wakubwa, akapanda kilima cha kwanza. Huko akaikuta miiba, rundo zima. Barabara ilizunguka mbali, na jua lilikuwa kali.

"Hii ni ya kuzuia ng'ombe," alijisemea. "Kwani mimi nina pembe?"

Akaivuta pembeni, akakatiza.

Ujanja wake ulidumu hatua mia hivi. Ghafla ardhi ilibonyea chini ya mguu wake. Alijitupa nyuma, akaanguka. Udongo uliporomoka katikati ya nyasi, likafunguka shimo jeusi, lile ambalo wachimbaji wa dhahabu huliita duara, lililoachwa bila kufukiwa. Jiwe lilitumbukia humo, na ilichukua muda mrefu kabla hajalisikia likigonga maji.

Paskalia alirudi nyuma kwa magoti. Alilizunguka shimo akitambaa, kisha akakimbia bila kugeuka nyuma. Kurudi kuipanga miiba? Hakuthubutu hata kulifikiria.

"Shikamoo, bibi," alisema alipofika.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepita wapi?"

"Barabarani, bibi."

"Afadhali. Wachimbaji wametoboa mashimo ngitili nzima, wakaondoka. Juzi mjomba wako Nkwabi na wenzake wamefunga njia kwa miiba mpaka yafukiwe."

Bibi alimpa kikombe cha uji, Paskalia akakipokea huku akiwaza. Mama hakuwa na habari ya mashimo. Angeikuta njia iko wazi, angeamini wazee wameifungua, angekatiza na Edson mgongoni. Akisema ukweli, atachapwa. Asiposema, je? Alikunywa mafunda mawili, kisha akakiweka kikombe chini.

"Bibi, nimekudanganya!" alilia. "Niliondoa miiba. Mama anakuja kwa njia ile ile!"

Bibi hakuuliza la pili. Alimwita Nkwabi kwa sauti ambayo Paskalia hakuwahi kuisikia. Mjomba alimpakia kwenye baiskeli, wakaenda mbio, na kwenye mawe waliitupa wakakimbia kwa miguu. Paskalia alikuwa akiomba Mungu kwa sauti, maneno yakigongana mdomoni.

Walipofika juu ya kilima walimwona mama chini yao. Alikuwa katikati ya nyasi, mzigo kichwani, Edson amelala mgongoni, naye akiimba polepole.

"Dada, simama!" Nkwabi alipiga kelele. "Usiinue mguu!"

Mama alisimama. Shimo lilikuwa hatua nne mbele yake, nusu limefunikwa na nyasi.

Nkwabi alimwongoza kwa maneno, arudi kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, mpaka akatoka ngitili. Kisha wakairudisha miiba, wakaongeza mingine. Paskalia alichomwa viganja vyote viwili akaendelea kuipanga.

Jioni alimshika mama yake kanga, hataki kuiachia. Bibi Salvina alimketisha karibu.

"Sikuchapi," alisema. "Kuondoa miiba ulikosea, na kuogopa shimo si kosa. Lakini ulipoketi hapa ukanywa uji wangu, uliiogopa fimbo kuliko ulivyomwogopea mama yako. Ukiharibu kitu, mjukuu wangu, sema upesi, wakati bado kuna mtu wa kumwokoa."

Paskalia alimtazama Edson, aliyekuwa akicheka na kuvuta sharubu za mjomba, akalia upya.